Somo la 8: Nabii Aliyependa Mipaka

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Fal. 14:23–27, Yona 1–4, Kumb. 2:1–23, Kumb. 9:4–6; Amo. 9:7, Luka 4:16–30, Luka 19:41–44, Mdo 17:22–31, Rum. 9:1–3.

Fungu la kukariri: Matendo 17:26. Kila mwanafunzi alikariri kutoka katika Biblia yake, pamoja na fungu la 27 linalolifuata.

Katika makambi fulani yaliyofanyika Bunda, kwaya moja ilialikwa kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Migori, Kenya. Waliimba vizuri, na watu wakaitikia kwa “amina” nyingi. Baada ya wimbo wa mwisho, mmoja wao, mama wa makamo, aliombwa kutoa ushuhuda. Alianza kusimulia jinsi Bwana alivyomponya mtoto wake, kwa Kiswahili cha kwao. Ngeli zikapishana. Akasema kitu ambacho kwa masikio ya Bunda kilikuwa kichekesho, na kicheko kikapita kwenye viti vya nyuma, kisha kikafika mbele. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, “Wakenya bwana!” Mama yule akatabasamu, akaufupisha ushuhuda wake, akaketi. Mtoto alikuwa amefika hospitali tu katika simulizi; mkutano haukuwahi kusikia alivyopona.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Wengi wa waliocheka walikuwa watu wema, washiriki waaminifu, na baadhi yao baadaye walimletea soda na kumuuliza habari za safari. Lakini jambo lilikuwa limetokea hemani mwa Bwana: ndugu alikuwa amegeuzwa mgeni, na kilichomgeuza ni uraia wake.

Juma hili somo linahusu kuipenda nchi, na jinsi upendo huo unavyoweza kugeuka taratibu ukawa kitu kingine. Atakayeongoza darasa ni nabii mmoja mzalendo sana, Yona mwana wa Amitai.

JUMAPILI
Machozi juu ya mji

Soma Luka 19:41–44 na Warumi 9:1–3. Yesu na Paulo walijisikiaje kuhusu taifa lao? Ni nini kilichowasukuma?

Wako Wakristo wanaodhani kwamba kwa kuwa wenyeji wetu uko mbinguni (Flp. 3:20), basi nchi ya duniani si kitu. Mafungu haya hayaungi mkono wazo hilo. Yesu aliuona mji akaulilia. Paulo alifika mahali pa kusema kwamba angekubali yeye mwenyewe kupotea ikiwa jambo hilo lingewaokoa jamaa zake kwa jinsi ya mwili. Nehemia, akiwa mtumishi wa mfalme wa kigeni, alishindwa kuficha huzuni usoni kwa sababu mji wenye makaburi ya baba zake ulikuwa magofu (Neh. 2:1–3). Hata waliohamishwa kwenda Babeli waliagizwa wautakie amani mji ule wa ugenini na kuuombea (Yer. 29:7).

Watu wa Mara wanalielewa jambo la Nehemia bila kufundishwa. Mtu anaweza kukaa Dar es Salaam au Mwanza miaka 40, akajenga huko, akasomesha watoto huko, lakini siku ya mwisho ndugu watachanga ili arudishwe nyumbani. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, baada ya miaka mingi ya kuishi mbele ya macho ya dunia nzima, mwili wake ulirudishwa kuzikwa Butiama tarehe 23 Oktoba, mahali alipochunga mbuzi wa baba yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kupenda nyumbani, basi, si dhambi. Mkristo anayelipa kodi yake bila kulazimishwa, anayeitunza barabara ya kijiji, anayesimama kwa heshima wimbo wa taifa unapopigwa na kuwaombea viongozi hata wale asiowapigia kura, anatimiza wajibu ambao Maandiko yenyewe yanamwekea (Rum. 13:1–7, 1 Tim. 2:1, 2).

Lakini tazama jambo moja katika mafungu ya leo. Yesu aliulilia Yerusalemu kwa sababu aliziona dhambi zake. Paulo aliumia kwa ajili ya Israeli kwa sababu Israeli ilikuwa imekosea. Upendo wao uliona makosa ya taifa, ukayaita makosa. Mtu asiyeweza kutaja dhambi hata moja ya nchi yake, je, anaipenda kama Yesu alivyoupenda Yerusalemu?

JUMATATU
Nabii wa Gath-heferi

Soma 2 Wafalme 14:23–27. Yona anatajwa hapa kabla ya habari za Ninawi. Alitabiri nini? Ni mfalme wa namna gani aliyefaidika na utabiri huo?

Wengi humjua Yona wa samaki. Yona wa 2 Wafalme hajulikani sana, naye ndiye ufunguo wa yule mwingine. Katika siku za Yeroboamu wa pili, Yona alitangaza kwamba mipaka ya Israeli ingerudishwa, kutoka kaskazini kwenye maingilio ya Hamathi hadi bahari ya Araba. Ikawa hivyo. Mfalme alikuwa mwovu, Maandiko yanasema wazi, lakini Mungu aliona mateso ya watu akawahurumia. Fikiria jina la Yona lilivyokuwa tamu vinywani mwa watu wakati huo. Nabii wa ushindi! Nabii aliyerudisha ardhi! Ujumbe wa namna hiyo haumpatii nabii adui hata mmoja nyumbani.

Kisha neno la Bwana likamjia mara nyingine, na safari hii lilihusu Ninawi.

Soma Yona 1:1–3, 9 na Yona 4:1–3. Yona mwenyewe anatoa sababu gani ya kukimbia?

Mara nyingi husemwa kwamba Yona aliogopa. Yeye hasemi hivyo. Katika sura ya 4 anamwambia Mungu waziwazi kwamba alikimbia kwa sababu alijua Mungu ni mwenye neema na huruma, na kwamba angeweza kuwasamehe wale watu. Shida yake haikuwa ukatili wa Waashuri bali upole wa Mungu. Ilikuwa sawa Mungu alipomhurumia Yeroboamu asiyestahili. Kumhurumia Mwashuri asiyestahili, hapana. Mabaharia walipomuuliza yeye ni nani, neno la kwanza kinywani mwake lilikuwa kabila lake. Jina la Bwana lilifuata baadaye.

Ni lazima kumtendea Yona haki. Ashuru haikuwa adui wa kufikirika. Ilikuwa dola katili, nayo baadaye, mwaka 722 K.K., ndiyo iliyoiangusha Samaria na kuwachukua watu mateka. Mtu aliyeishi Kagera mwaka 1978 anamwelewa Yona. Mwezi Oktoba mwaka ule majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua, yakapora ng'ombe, yakalipua daraja la Kyaka. Vijana wengi wa Mara walikwenda vitani. Kamanda wa Divisheni ya 20, David Musuguri, alikuwa mzaliwa wa Butiama. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na taifa lina sababu ya kuwakumbuka waliokufa. Lakini kuna sehemu ya habari ile isiyosimuliwa sana kwenye sherehe. Mji wa Masaka ulipotekwa Februari 1979, majengo yake mengi yalibomolewa kwa baruti kulipiza kisasi cha yaliyotendwa Kagera. Waliokuwa wakiishi katika majengo yale ni wenye maduka, walimu, mama wa nyumbani. Hawakuwa wao waliovuka Mto Kagera.

Soma Yona 4:5–11. Mungu anamfundisha Yona kwa mtango. Somo ni lipi?

Yona aliketi nje ya mji, mahali pa kuona vizuri, akingojea uangamizwe. Alifurahia kivuli. Mdudu alipoutafuna mtango akakasirika hata kufa. Ndipo Mungu akamwonyesha hesabu: unauhurumia mmea ambao hukuupanda, nami nisiwahurumie watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto? Na Mungu akaongeza ng'ombe. Msomaji wa mjini anaweza kuona jambo hilo ni la ajabu, lakini mfugaji wa Bunda atalielewa mara moja: mwenye kuhesabu hata mifugo ya adui yako, anamjua adui yako kwa jina.

Kitabu kinaishia kwenye swali la Mungu. Jibu la Yona halikuandikwa.

Ni mtu gani, au watu gani, ambao ungekasirika kama Mungu angewasamehe kesho asubuhi?

JUMANNE
Aliyewapa wengine nchi

Soma Kumbukumbu la Torati 2:4, 5, 9, 19–23 na Amosi 9:7. Ni nini kinachoshangaza katika mafungu haya kuhusu mataifa yaliyoizunguka Israeli?

Israeli walipokuwa njiani, waliambiwa wasiiguse nchi ya wana wa Esau, wala ya Moabu, wala ya Amoni. Sababu ilitajwa mara tatu: Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa watu hao nchi zao. Karne nyingi baadaye Amosi akalisema jambo hilo kwa ukali zaidi. Mungu aliyewatoa Israeli Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori, na Washami Kiri. Nao Israeli machoni pake walikuwa kama wana wa Wakushi, yaani watu wa Afrika, kusini mwa Misri. Kwa Israeli yenye majivuno maneno hayo yalikuwa tusi. Kwa msomaji wa Musoma yana utamu wake.

Paulo alisimama katika jambo hilohilo huko Athene: chanzo cha wanadamu wote ni kimoja, na nyakati na mipaka ya makao yao viko mkononi mwa Mungu, ili watu wamtafute yeye (Mdo 17:26, 27). Mipaka ina kazi yake. Haikuwekwa ili mtu apimie thamani ya jirani.

Mpaka wa Sirari unafaa kufikiriwa hapa. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walipatana mstari kwenye ramani, kutoka mdomo wa Mto Umba pwani hadi ukingo wa mashariki wa ziwa, mahali linapokutana na nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Hakuna aliyewauliza Wakurya. Ukoo mmoja ukajikuta huku na huku, na Wajaluo vivyo hivyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, ukakaa hivyo hadi Novemba 1983. Katika miaka ile mtu aliweza kushindwa kwenda msibani kwa dada yake aliyeolewa upande wa pili. Leo mpaka uko wazi, malori yanapita. Cha kujiuliza ni iwapo umefunguka pia midomoni. Utani wa Watanzania juu ya Wakenya, na wa Wakenya juu ya Watanzania, ni mtamu hadi pale unapomkuta mwenye kutaniwa yuko peke yake katikati ya wengi.

JUMATANO
Nazareti ilipokasirika

Soma Luka 4:16–30. Watu walimsifu Yesu kwanza. Ni maneno gani hasa yaliyogeuza sifa kuwa ghadhabu?

Nazareti haukuwa mbali na Gath-heferi, nyumbani kwa Yona. (Mafarisayo waliosema katika Yohana 7:52 kwamba hakuna nabii anayetoka Galilaya walikuwa wamemsahau.) Mtoto wa kijiji amerudi, anasoma vizuri, ana jina. Watu wanajivunia. Yesu angeweza kunyamaza hapo, akala chakula cha jioni kwa furaha. Badala yake akataja watu wawili: mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni, na Naamani Mshami. Njaa ilikuwa Israeli, lakini Eliya alipelekwa kwa mgeni. Wakoma walikuwa Israeli, lakini aliyetakaswa ni jemadari wa jeshi la adui. Hakuwatukana. Alisoma tu kumbukumbu za taifa lao wenyewe, zile kurasa ambazo hazisomwi sikukuu. Wakamtoa nje ya mji ili wamtupe chini kutoka ukingo wa kilima.

Soma Kumbukumbu la Torati 9:4–6. Mungu aliwaonya Israeli wasiseme nini mioyoni mwao?

Taifa linaweza kusali ile sala ya Farisayo (Luka 18:11). Linaweza kumshukuru Mungu kwamba halifanani na mataifa mengine, wakabila, wapiganaji, wala rushwa, au kama jirani yule. Sala hiyo huwa hatari zaidi inapokuwa na ukweli ndani yake, kwa maana Farisayo alifunga kweli, na zaka alitoa kweli. Watanzania wamezoea kuiita nchi yao kisiwa cha amani, na jambo hilo halikutoka hewani. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, nao wakapokelewa. Lakini mwaka 2013, katika mikoa ya magharibi, maelfu waliambiwa waondoke haraka, na miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa hapa, waliooa hapa, waliokuwa wakiimba kwaya hapa. Serikali ina haki ya kusimamia uhamiaji. Maandiko hayapingi jambo hilo. Yanachouliza ni jinsi mtu alivyomtazama jirani yake wa miaka 20 siku ile alipoanza kuitwa mhamiaji haramu. Wengine waliwaficha. Wengine walinunua ng'ombe wao kwa bei ya kutupa.

Habari nyingine inafaa kukumbukwa Butiama. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika tu, na Wahindi, Waarabu na Wazungu waachwe nje. Hoja hiyo ilipendwa. Watu walikuwa wamedharauliwa miaka mingi, na sasa ilikuwa zamu yao. Nyerere, mwana wa chifu wa kabila dogo la Wazanaki, kijana aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, alisimama akaipinga kwa hasira. Alisema kubagua watu kwa rangi ndicho kitu walichokuwa wakikipigania, na kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali. Angeweza kupigiwa makofi kwa kunyamaza. Si lazima kumfanya mtu huyo mtakatifu, maana alikuwa na makosa yake kama viongozi wote, ili kuona kwamba siku ile alikuwa upande wa mjane wa Sarepta. Katika uzee wake alitunga tenzi za Injili na za Matendo ya Mitume, zikachapishwa mwaka 1996; kwa hiyo alilazimika kumpitisha Petro nyumbani kwa Kornelio ubeti kwa ubeti.

Ni ukurasa gani wa historia ya kabila lako, au wa nchi yako, ambao hungependa mhubiri mgeni ausome mimbarani?

ALHAMISI
Majita na Gendia

Soma Matendo 10:9–16, 28, 34, 35 na Wagalatia 2:11–14. Petro alijifunza nini Yafa na Kaisaria? Kwa nini basi alianguka tena Antiokia?

Petro aliona maono mara tatu, akaingia nyumbani kwa akida Mrumi, akashuhudia Roho akiwashukia. Miaka ikapita. Kule Antiokia, walipofika watu kutoka kwao, akaondoka polepole kwenye meza ya Mataifa. Hakubadili fundisho lolote. Alibadili kiti tu, lakini Paulo aliona kwamba kiti kile kilihusu kweli ya injili.

Kanisa la Waadventista wa Sabato lina Antiokia zake, na mojawapo iko karibu sana na nyumbani. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, walianza kazi Gendia, kwenye ukingo wa ziwa upande uliotawaliwa na Waingereza. Mwaka 1909 wamisionari Wajerumani walianza Majita, kwenye ukingo wa ziwa hilohilo, upande wa Wajerumani. Baadaye kazi ikaenea hadi Busegwe, Ikizu na kwingineko. Walishika Sabato moja. Walitazamia marejeo ya Bwana mmoja. Maji ya Gendia na ya Majita ni maji yaleyale.

Agosti 1914 wafalme wa Ulaya wakaingia vitani. Septemba mapigano yalifika Kisii. Waafrika waliokuwa wamesikia kwa wamisionari hawa kwamba Mungu hana upendeleo, sasa walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi mawili, huku Wazungu waliohubiri jambo moja wakiwa raia wa mataifa yanayouana. Waingereza walipoitwaa nchi, wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa. Waumini wachanga wa Majita walibaki na Biblia na kumbukumbu. Baada ya vita kazi ilishikwa na watumishi kutoka upande wa Waingereza, na kanisa likaendelea, kwa sababu halikuwa la Wajerumani tangu mwanzo.

Huko Ujerumani kwenyewe mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwezi uleule wa Agosti, viongozi wa kanisa waliiandikia serikali kwamba Waadventista wangebeba silaha, na wangetumika hata siku ya Sabato. Hawakuwa wasaliti. Walikuwa watu wazima katika imani, na kati yao walikuwamo waliojenga misheni nusu ya dunia. Lakini bendera zilikuwa mitaani, ngoma zinapigwa, na kila mtu alihisi kwamba kukaa kimya ni kuisaliti nchi. Baadhi ya washiriki walikataa, wakatengwa, na kanisa likagawanyika; mgawanyiko ule haujapona hadi leo. Miaka 20 baadaye utawala wa Hitler ulipodai kwamba damu ya Kijerumani ni bora, wengi kanisani waliutii tena, na washiriki wenye asili ya Kiyahudi wakajikuta hawana mahali pa kuketi. Mwaka 2005, miaka 60 baada ya vita kwisha, makanisa ya Waadventista ya Ujerumani na Austria yalitoa tamko la kukiri na kuomba msamaha. Tamko lilichelewa, lakini lilikuwa la toba.

Msomaji wa Afrika asitikise kichwa haraka. Mugonero, Rwanda, palikuwa na kanisa la Waadventista, shule na hospitali. Mwaka 1994 maelfu ya watu walikimbilia humo, na wachungaji Waadventista waliokuwa kati yao wakamwandikia barua kiongozi wao wa kanisa wakiomba awatetee. Walishambuliwa tarehe 16 Aprili. Ilikuwa Sabato. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani kiongozi yule Februari 2003. Walioua na waliouawa walikuwa wamejifunza lesoni moja robo ile.

Mauaji yale hayakuanza na mapanga. Yalitanguliwa na miaka mingi ya maneno: wao wako hivi, sisi tuko vile, wao wametoka kule, sisi ndio wenye nchi. Ndani ya miaka ile lazima zilikuwapo Sabato nyingi ambapo mtu angeweza kusimama darasani na kusema, “Ndugu, maneno hayo yasisemwe hapa.”

Soma Waefeso 2:14–19. Ukuta uliobomolewa msalabani unajengwaje tena ndani ya kanisa? Tofali la kwanza huwa nini?

IJUMAA
Jifunze zaidi

Soma katika Ellen G. White, Manabii na Wafalme, sura zinazohusu Ninawi na Naamani. Katika habari ya Naamani, mtazame hasa yule msichana wa 2 Wafalme 5:2, 3. Alitekwa na jeshi la bwana wake. Alikuwa na kila sababu ya kuufurahia ukoma ule. Mtoto yule aliifahamu huruma ya Mungu kuliko nabii mkubwa wa Gath-heferi, naye hata jina lake halikuandikwa.

Linganisha pia 2 Wafalme 6:18–23. Jeshi la Washami liliingizwa Samaria likiwa limepofushwa. Mfalme aliuliza mara mbili kama awaue. Elisha akaagiza wapikiwe. Wakala, wakanywa, wakarudi kwao, na kwa muda vikosi vya Shamu havikuja tena kuvamia. Karamu ile ilitumia chakula cha nchi iliyokuwa imevamiwa, na bila shaka walikuwapo Samaria walioiona kuwa usaliti.

Maswali ya kujadili:

1. Je, inawezekana kuwa mzalendo wa kweli na wakati huohuo kuikosoa nchi hadharani? Yeremia aliitwa msaliti (Yer. 37:11–15). Darasa litofautishe kati ya anayekosoa kwa machozi na anayekosoa kwa dharau.

2. Katika kanisa lenu wanaabudu Wajita, Wakurya, Wajaluo, Waikizu, Wazanaki, Wasukuma na wengine, pengine na waliotoka Kenya, Burundi au Kongo. Ni vyeo gani vya kanisa ambavyo havijawahi kushikwa na mtu wa kundi fulani? Sababu zinazotolewa ni zipi? Je, zingesomeka vizuri mbele ya Petro na Kornelio?

3. Mkristo afanye nini nchi yake inapokuwa na haki katika ugomvi na jirani? Yona alikuwa na sababu za kweli za kuiogopa Ashuru. Haki ya kujilinda inaishia wapi, na kisasi kinaanzia wapi?

4. Rudini kwenye makambi ya Bunda. Jioni ya siku ile, mama mmoja Mjaluo kutoka Shirati alimfuata mgeni chini ya mwembe, akamsalimu kwa lugha yao, wakagundua kwamba bibi zao walitoka kijiji kimoja. Akamwomba amalizie habari ya mtoto. Alisikiliza peke yake. Je, mzee wa kanisa aliyeongoza ibada ile alikuwa na wajibu wa kurudi mimbarani siku iliyofuata? Kama alikuwa nao, angesema nini, na angemwambia nani kwanza?